Uji uliomwagwa nyuma ya jiko: nilivyojitolea kituo cha lishe Kisangani, miaka ya vita

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mchana na wale mnaosoma mkiwa mmejifunika shuka.

Mimi ni mtu mzima humu. Huku kwetu Kisangani wananiita Koko, maana yake bibi. Huwa nasoma tu. Naona mnavyobishana mambo ya diet, sijui detox, sijui kula mara moja kwa siku, nami nanyamaza.

Leo nimeona niseme kitu. Nitakachosema nilikiona kwa macho yangu. Siongezi chumvi, na wakati ule chumvi yenyewe haikuwepo.

Shule nilisoma kidogo sana, na Kiswahili changu ni cha Congo. Nimejaribu kukinyoosha. Kikipinda, kinyoosheni wenyewe mkiwa mnasoma.

Bon, tuanze.

Mimi asili yangu ni Kivu ya Kaskazini, kule milimani kwenye baridi. Niliolewa nikaletwa Kisangani. Nikafungua biashara ya maharage, jumla na rejareja. Maharage yalikuwa yanakuja kwa ndege mpaka Bangboka, kutoka pale kwa lori mpaka duka langu, commune ya Makiso, katikati ya mji.

Kuna kitu kimoja lazima mkijue kuhusu mimi, la sivyo habari yote haitawaingia.

Kwetu milimani samaki hakuna. Nilikua nikila maharage, viazi, na mbuzi siku ya Noeli. Nilipofika hapa, marehemu mume wangu alininunulia liboke ya ngolo. Ngolo ni yule samaki mwenye sharubu, nyinyi mnamwita kambare. Liboke ni kumfunga kwenye majani na kitunguu na pilipili, halafu unamlaza kwenye makaa taratibu.

Nilifungua yale majani, mvuke ukanipiga usoni.

Tangu siku ile kama nimefurahi nakula ngolo, kama nimekasirika nakula ngolo. Soko lote lilijua. Wauzaji walikuwa wananiona kwa mbali, wanaita: "Mama Kahindo! Mume wako wa pili amefika!"

Haya.

Vita ilipoingia, ndege za Bangboka zikawa za askari. Boti za kutoka Kinshasa zikakoma. Mto uko pale pale, mpana vile vile, lakini hauleti kitu. Majeshi mawili ya wageni yalikuwa yameugawana mji wetu, kila moja na upande wake, na sisi wenye mji tunapita katikati na vikapu vyetu tukiangalia chini.

Duka likabaki na mbao tupu.

Mimi si mtu wa kukaa. Parokiani wakatangaza kwamba masista wanatafuta mama wa kusaidia kituo chao cha lishe, hakuna mshahara, chakula na kitanda tu. Nikafunga nguo zangu mbili, nikaenda.

Kituo kilikuwa ng'ambo ya daraja la Tshopo, kwenye ile barabara ya zamani ya Buta, ukielekea Masako kwenye msitu. Nyumba ndefu ya matofali, bustani ya mboga, na mabwawa ya samaki nyuma. Akina mama walikuja na watoto wao wa kwashi wakakaa pale pale, wanalala pale, wanapika pale, mpaka mtoto asimame.

Kwashi, kwa asiyejua, ni ule ugonjwa wa mtoto kushiba mihogo mitupu. Anavimba miguu, uso unakuwa duara, nywele zinakuwa nyekundu kama mtu aliyezipaka dawa. Ukimwona kwa mbali utasema mtoto mnene. Karibu utaona hana nguvu hata ya kulia. Ananung'unika tu kama mzee.

Kazi yangu ilikuwa jiko. Nilikuwa mkali, sikatai. Mama asiyenawa mikono hakugusa mwiko wangu. Maji yasiyochemka hayakuingia kikombeni. Pondu, yaani majani ya muhogo, ilitwangwa vizuri na haikuchemshwa siku nzima mpaka iwe nyeusi kama oil ya gari.

Na akina baba waliokuja kutembea, niliwaweka nje ya jiko. Mmoja alikuja "kumwona mwanawe", nikamkuta anamsaidia mwanawe kumaliza samaki.

Nikamwuliza, "Papa, weye pia uko na kwashi?"

Akina mama walicheka mpaka wakashika ukuta. Yule papa hakurudi, akawa anatuma salamu tu.

Wakuu, kucheka kulikuwepo. Msifikiri vita ni kulia saa zote.

Sasa nawaleta kwa watu wa habari hii.

Kulikuwa na tonton Faustin, infirmier wetu, yaani muuguzi. Alikuwa na umri wa mwanangu, lakini tulimwita tonton, yaani mjomba, kwa heshima ya ile blouse nyeupe ya hospitali. Kijana mzuri, mchapakazi, hana usingizi. Maziwa ya unga yalipoacha kuja, ni yeye aliyesema tutoe ngolo bwawani, tumkaushe juu ya moshi, tumtwange awe unga, tuchanganye kwenye uji wa mahindi na soja. Tuliita "unga wa nguvu". Na kweli ulikuwa na nguvu. Watoto walikuwa wanaamka.

Halafu kulikuwa na Georgine. Mama kijana, mtu wa mto, wa kule upande wa Yanonge, familia ya wavuvi. Bwana wake aliteremka mto na mtumbwi wa biashara kabla njia haijafungwa, na hakuna aliyejua yuko wapi. Alikuja na binti yake, Mado, amembeba mgongoni. Miguu ya Mado ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa.

Georgine hakuwa mtu wa maneno. Alifanya kazi, akanyamaza. Mimi napenda watu wa namna hiyo.

Mado akaanza kupata nafuu. Miguu ikaanza kushuka. Siku moja akanyakua kijiko mkononi mwa mama yake, akajilisha mwenyewe, uji wote kwenye kidevu, anacheka. Tukapiga makofi jiko zima.

Kwetu kituoni kulikuwa na utaratibu: mama mpya hagusi kinu. Anakaa na mtoto wake tu. Mtoto akianza kukaa na kujilisha, ndipo mama anaingia kwenye zamu ya kutwanga.

Donc Mado amejilisha, Georgine akaingia zamu.

Zamu yake ilipita bila neno. Alitwanga, akaosha kinu, akakigeuza juani. Mimi sikuona kitu.

Lakini baada ya pale Mado akaanza kurudi nyuma. Miguu ikajaa tena. Macho yakazibika. Tonton Faustin anapima, anatikisa kichwa, anasema labda minyoo, labda malaria. Anampa dawa. Hakuna kitu.

Asubuhi moja nilitoka nyuma ya jiko kumwaga majivu, nikaona mstari wa siafu. Siafu wengi. Nikaufuata kwa macho mpaka kwenye majani ya ndizi. Pale chini kulikuwa na uji. Wa jana, wa juzi, umegandana.

Nilikaa kimya mpaka saa ya kugawa. Georgine akapokea bakuli lake kama kawaida, "merci mama", akazunguka nyuma. Nikazunguka upande wa pili.

Nikamkuta ameinamisha bakuli.

"Georgine. Siafu njo wamekuwa batoto wako sasa?"

Akashtuka, lakini hakukimbia.

"Nakuuliza weye mama. Batu banalia njaa mu mji muzima, weye unalisha siafu?"

"Mama Kahindo, unipige kama unataka. Ile uji mutoto wangu hatakula tena."

"Sababu gani?"

"Iko na ngolo ndani."

Nikamwambia ndiyo, ina ngolo, nani asiyejua?

Akaniangalia. "Miye sikujua. Tonton aliniambia ni soja tu."

Nilimwita Faustin pale pale, kwenye siafu, na blouse yake.

Ndipo nikajua mambo yote. Mado alizaliwa akitanguliza miguu. Katika ukoo wa baba yake, mtoto wa namna hiyo anawekewa ekila. Ekila ni mwiko, chakula anachokatazwa maisha yake yote. Ekila ya Mado ilikuwa ngolo, na aliyeiweka ni nyanya yake, mama wa baba. Georgine alikuwa amemweleza Faustin tangu siku ya kufika. Na Faustin, kwa kuona mtoto anakufa, akamjibu, "Usiogope mama, yako ni soja tu," akamlisha uji ule ule wa wengine.

Halafu Georgine siku ya zamu akakuta ndani ya kinu kipande cha kichwa cha ngolo, kile kichwa bapa, na sharubu zake zimekauka.

"Bon, ni kweli," Faustin akasema. "Nilidanganya. Lakini mama, angalia! Miguu ilikuwa inashuka. Mutoto alianza kucheka! Njo preuve, njo ushahidi, non?"

Georgine akasema polepole, "Wa kwanza naye alicheka ile siku alikula."

Kumbe Mado hakuwa wa kwanza. Kulikuwa na kaka yake, naye alitanguliza miguu, naye aliwekewa ekila. Alionjeshwa ngolo kwa jirani kwa kutojua, na haikupita wiki akafa. Faustin akasema huenda ilikuwa surua. Inawezekana. Mimi sikuwepo, na Faustin hakuwepo.

Aliyekuwepo ni Georgine.

Basi nikamgeukia Faustin. "Mwizi anachukua kwa siri. Weye unaweka kwa siri. Tofauti yenu ni ndogo."

"Mama Kahindo, nilitaka apone."

"Na sasa anapona?"



Maana hapa ndipo ubaya ulipokuwa, wakuu. Georgine sasa hakuukataa uji peke yake. Aliikataa pondu yetu, akakataa mchuzi, akakataa kila kitu kilichopita jikoni, kwa sababu hakujua tena kipi kina nini. Mtoto alikuwa anapewa kwanga kavu na maji. Kwanga ni muhogo uliofungwa kwenye majani. Inashibisha, haijengi. Ni ile ile iliyomleta pale.

Nimeona hapo chini mtu ameshauliza, hata sijamaliza: kwa nini hamkumpa mayai, kwa nini hamkumpa maziwa?

Mwanangu, kuku wa kituo walipanda lori la askari. Maziwa nimesema yaliisha. Karanga zilibaki mashambani, na njia ya mashambani watu waliogopa kupita. Mbinzo, wale viwavi wa kula, hawakuwa kwenye msimu. Soja ilikuwa imebaki ya kukwangua gunia. Bwawa ndilo lilikuwa limebaki na chakula, na bwawani kulikuwa na ngolo.

Georgine akaanza kufunga vitu vyake arudi mjini. Nikajua akitoka na yule mtoto mgongoni, atarudi bila mtoto, au hatarudi kabisa. Na tukimlazimisha amlishe, mtoto akafa kwa homa yoyote, ukoo utasema mama ameua wa pili. Huku kwetu mwanamke akishasemwa hivyo, hana mlango wa kugonga.

Nikakalia kifurushi chake. Nilikikalia kabisa, wakuu, na mimi sikuwa mwepesi.

"Nani anaweza kutoa hii ekila?"

"Mwenye kuiweka tu. Mama ya bwana wangu."

"Iko wapi?"

"Lubunga. Lakini hatuongeleshane tangu mutoto ule afe."

"Kaa hapa. Mado ale yale matembele ya bustani, uyachume kwa mukono yako, uyapike kwa sufuria yako, uyatie mafuta ya ngazi, ya mawese. Miye naenda."

Lubunga iko ng'ambo ya mto mkubwa, rive gauche, ukingo wa kushoto. Nilipanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, mpaka beach ya Makiso, yaani gati la mitumbwi. Askari pale anauliza kila mtu safari yake.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kuchukua mama-mkwe."

"Wako?"

"Wa mwenzangu."

Akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. "Wengine wanapita hapa kukimbia mama-mkwe. Weye unaenda kumutafuta na hii vita?"

Lakini alinipisha. Nikavuka na mtumbwi, nimeshika ukingo, maana mtu wa milimani hajawahi kuzoea maji.

Nilimkuta Koko Bolumbu nyumbani kwake anafunga kwanga. Mwembamba, mkavu, uso kama mlango uliofungwa. Hakuinuka.

"Weye ni nani?"

"Mama Kahindo. Nauzaka maharage Makiso. Niko natoka kwenye mujukuu wako."

"Aah. Mama ya maharage. Na maharage iko wapi?"

"Vita ilikula."

"Basi umekuya na mudomo tu."

Nikajua huyu tutaelewana.

Nikamweleza. Alisikiliza huku anafunga, hakuniangalia. Nilipotaja jina la Georgine akakaza kamba.

"Ule mwanamuke aliua mujukuu wangu. Nilimwambia, ngolo hapana. Hakusikia. Aliniona miye muzee wa kijiji, nasema maneno ya kijiji."

"Mukubwa sijui. Sikuwepo. Lakini huyu mudogo, Georgine hajamulisha. Anamwaga chakula kwa ajili ya neno yako. Mutoto iko anakufa kwa heshima yako, Koko."

Mkono wake ukasimama kwenye kamba.

"Umesema nini?"

"Nimesema anakufa kwa heshima yako."

Akamaliza kufunga kwanga zote zilizobaki, moja moja, hakuacha hata moja wazi. Nilitaka kumpigia kelele. Halafu akanawa, akavaa kitambaa cha kichwa, akasema, "Tuende. Lakini kwa baisikeli sipande. Miye si gunia."

Tulitembea, wakuu. Kutoka beach mpaka ng'ambo ya Tshopo, kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Mwendesha toleka akituita anamjibu, "Beba mama yako kwanza!"

Tulipofika jua lilikuwa limeanza kulegea. Akina mama walikuwa wamekaa barazani. Georgine alipomwona akapiga magoti, na Koko akampita kama hakumwona. Akaenda moja kwa moja kwa Mado.

Akakaa chini. Akashika mguu wa mtoto, akabonyeza na kidole gumba.

Kwa mtoto wa kwashi, ukibonyeza mguu, shimo linabaki. Halirudi.

Yule mzee alikaa anaangalia lile shimo.

Kisha akauliza bila kugeuka, "Nani alidanganya mukaza-mwana wangu?"

Faustin akatoka mbele. Hilo nalisema kwa sifa yake, hakujificha.

"Ni miye, Koko."

"Weye na hiyo nguo nyeupe. Sababu gani?"

"Nilitaka mutoto apone."

"Kama ulitaka apone, kwa nini hukunitafuta? Lubunga ni Ulaya?"

"Nilikuwa na haraka, Koko."

"Ulikuwa na haraka. Na leo muangalie mutoto. Haraka imefika wapi?"

Akamwachia hapo. Halafu akasema maneno ambayo mimi sikuyajua, mimi wa milimani.

Alisema ekila haitupwi. Haiwezi kuwekwa chini kama ganda la ndizi, itamrudia mwenyewe. Inapokelewa. Lazima mtu mwingine aibebe badala ya mtoto, maisha yake yote. Georgine hawezi, ni mama, ni kama mtoto mwenyewe. Na yeye Koko hawezi, kwa sababu ya ukoo, anayo ya kwake tayari.

"Na isiwe mutu mwenye hapendi ngolo. Ule atakuwa anabeba kikapu tupu. Kuko nani hapa anapenda ngolo?"

Wakuu.

Jiko zima liligeuka kuniangalia mimi.

Hata Faustin. Hata yule mama mgeni aliyefika juzi tu, sijui nani alimwambia.

Nilisimama pale na khanga yangu. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa, nimepata kipaimara. Nikajiuliza kama ni dhambi. Nikatafuta kichwani katika yale machache niliyofundishwa. Sikuona mahali Mungu anapomkataza mtu kuacha samaki.

"Leta," nikasema.

Walimtoa ngolo mmoja bwawani, wakamfunga liboke vizuri. Nadhani walimpika kwa huruma, maana sijawahi kukutana na liboke kama ile. Koko Bolumbu akachukua kipande cha kwanza, akakigusisha nyayo za Mado, huu mguu na huu, zile nyayo zilizotangulia duniani. Akakiweka mkononi mwangu.

"Kula. Kula yote. Kisha basi."

Nikala. Hakuna aliyecheka. Nilikula mpaka nikafyonza mifupa ya kichwa. Halafu akaninawisha mikono, yale maji akayamwaga mbali njiani, akamwambia Georgine, bila kumwangalia bado, "Sasa mupe mutoto uji."

Georgine akachota kwa kijiko. Akaonja kwanza yeye. Akampa Mado kijiko kimoja, akamwangalia. Cha pili. Koko akakaa pembeni yake, akashika bakuli lisimwagike.

Ndipo walipoanza kuongea, kidogo kidogo. Maneno yao siyaandiki, si yangu.

Mado hakuinuka kesho yake kama kwenye filamu. Aliharisha, akapata homa, Georgine akaniangalia na macho ambayo sitaki kuyaona tena. Faustin alikaa naye na dawa zake, Koko akakaa upande wa pili na ukimya wake. Homa ikatoka. Miguu ikachukua muda wake kushuka. Siku moja nikabonyeza na kidole changu, ngozi ikarudi.

Nilienda kuinamia kinu nikijifanya natafuta kitu ndani.

Kituoni tukabadilisha utaratibu. Kabla ya kugawa, aliyepika anasimama na mwiko, anataja kwa sauti kila kilichomo sufuriani. Uji huu una mahindi, una soja, una ngolo. Faustin ndiye aliyeanza. Akina mama wakawa wakali kuliko mimi: "Tonton, na sukari? Sukari hukuitaja!" "Sukari haikuwepo!" "Basi useme haikuwepo!" Mwenye ekila yake alijulikana, akapikiwa kando kwa kile tulichonacho, au jamaa zake wakaitwa.

Baadaye yale majeshi mawili yalipigana mjini kwetu. Sitaki kueleza. Mwenye kujua anajua. Georgine na Mado walikuwa wameshavuka Lubunga kwa Koko Bolumbu kabla ya hapo, wakaishi. Kituo kilifungwa, masista wakaondoka, mabwawa yakaota majani. Koko alikufa mzee, kitandani kwake, kitu ambacho miaka ile kilikuwa utajiri.

Mado sasa ni mama wa watoto. Anachoma samaki Makiso, ana wateja wengi. Mwaka jana alinitafuta mpaka nyumbani. Aliniambia, "Koko, mama alisema weye njo ulinikalia kifurushi nisiende kufa. Nimekuletea kitu."

Akafungua kikapu. Liboke ya ngolo.

Georgine hakumwambia sehemu ile. Nadhani alitaka mtoto akue bila deni.

Mvuke ule ule ukanipiga usoni. Nilimshukuru, nikaita wajukuu, nikawagawia mpaka kipande cha mwisho. Mado akauliza, "Koko, weye huli?"

"Nimeshiba," nikamwambia. Nikabaki na yale majani mkononi, nayanusa.

Sasa, wakuu, funzo langu ni fupi. Mnaosoma mambo ya lishe, mnaotaka kulisha watu vizuri, unga wenu ni mzuri, sibishi. Lakini mtu ana haki ya kujua kinachoingia mdomoni mwa mtoto wake, na ukimdanganya kwa wema, siku akijua atamwaga na wema wako. Chakula kinaanzia kwenye kuaminiana. Bila hapo ni siafu watakaoshiba.

Najua wapo watakaoandika kwamba huo ni ushirikina. Andikeni, sikasiriki. Kama siku ile kulikuwa na njia fupi kuliko yangu, nielezeni, nina muda.

Na wengine niambieni: kwenu ni chakula gani hakiliwi, na ni nani aliyekibeba?